Biblia Inasemaje Kuhusu Pombe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye vikaratasi. Kwa miaka mingi nimefundisha darasa la kipaimara na semina za wanandoa katika usharika wetu wa Kilutheri, huku Uchaggani, na kila semina inapoisha tunapitisha kikapu ili kila mtu atumbukize swali lake bila kuandika jina. Pombe haijawahi kukosekana kikapuni. Nimeyakusanya yanayojirudia, nikayapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomnyima mtu usingizi.

Nimekulia kwenye nyumba ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na mimi mwenyewe sinywi. Sababu iko kwenye swali la 14. Aya nilizonukuu ni za Union Version ya 1952, ile ambayo wengi wetu tunayo nyumbani.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, kunywa pombe ni dhambi?

Kunywa kwenyewe Biblia haijakuita dhambi. Kulewa imekuita dhambi, tena bila kutoa nafasi kwa mtu yeyote, awe mfalme, kuhani, mgeni wa harusi au mfiwa.

Kuna kundi la aya zinazoitaja divai kama baraka. Zaburi ya 104 inamshukuru Mungu kwa mkate, kwa mafuta, na kwa divai "imfurahishe mtu moyo wake". Kumbukumbu la Torati 14:26 inamruhusu Mwisraeli aliyesafiri kwenda kwenye sikukuu kununua ng'ombe, kondoo, mvinyo au kileo, akale na kufurahi mbele za Bwana pamoja na jamaa yake. Kundi la pili linaonya kwa ukali: "Mvinyo hudhihaki, kileo huleta ugomvi" (Mithali 20:1). Anayefundisha kundi moja na kuliruka la pili anafundisha nusu ya Biblia.

Nami niliwahi kufundisha nusu. Mwaka wangu wa kwanza darasani niliwaambia vijana kwamba Biblia inakataza pombe, basi, tufunge mjadala. Binti mmoja wa miaka kumi na minne akafungua Yohana sura ya 2, akaisoma kwa sauti, akanitazama akisubiri jibu. Sikuwa nalo. Tangu siku hiyo nimejizuia kuiongezea Biblia amri ambayo haikuitoa, hata pale ninapotamani ingekuwa imeitoa.

2. Divai, mvinyo na kileo ni vitu vitatu tofauti? Nimefundishwa kwamba divai ni juisi na mvinyo ndio pombe.

Fundisho hilo nimelisikia mara nyingi, na linasimama juu ya maneno ya Kiswahili tu. Linaporomoka ukirudi kwenye lugha za asili. Katika Agano la Kale neno kuu la Kiebrania ni *yayin*. Ile divai inayofurahisha moyo katika Zaburi 104 ni *yayin*. Ule mvinyo unaodhihaki katika Mithali 20 nao ni *yayin*. Katika Agano Jipya neno la Kiyunani ni *oinos*. Divai ya Kana ni *oinos*, na mvinyo wa Waefeso 5:18, "msilewe kwa mvinyo, ambamo mna ufisadi", ni *oinos* vilevile. Watafsiri wetu walitumia maneno mawili kwa kitu kimoja. Mvinyo lilitoka kwa Wareno, ambao huita *vinho*. Divai likaingia kwa njia nyingine. Yote mawili yakazoeleka.

Kileo ndicho tofauti kidogo. Hicho ni *shekari* ya Kiebrania, kinywaji kinacholewesha kilichotengenezwa kwa nafaka au matunda mengine kama tende. Mara nyingi Biblia inavitaja pamoja, "divai wala kileo", ili pasibaki mwanya.

3. Lakini si kweli kwamba mvinyo wa Biblia ulikuwa maji ya zabibu yasiyochacha?

Hapana, ingawa natambua nia njema ya wanaosema hivyo. Nuhu alilewa akalala uchi hemani mwake (Mwanzo 9:21), na maji matamu ya zabibu hayamfanyi mtu hivyo. Siku ya Pentekoste watu walidhihaki wakisema mitume wamelewa kwa mvinyo mpya, na Petro akajibu kwamba ilikuwa saa tatu ya mchana tu (Matendo 2:13–15). Hakusema kwamba kinywaji hicho hakileweshi. Yesu naye alisema hakuna atiaye divai mpya katika viriba vikuukuu, kwa maana vitapasuka (Marko 2:22). Kinachopasua kiriba ni hewa ya kuchacha.

Kisha kuna suala la msimu. Nchi ile huvuna zabibu kati ya Agosti na Septemba, na Pasaka huangukia Machi au Aprili. Wenzetu wa Dodoma wanaolima zabibu wanajua: ukikamua leo bila friji, baada ya siku chache povu limeanza. Kukaa na juisi mbichi miezi saba kulikuwa kazi ngumu mno. Njia ya kuichemsha na kuifungia kwenye chupa isichache aliitengeneza Thomas Welch huko New Jersey, Marekani, mwaka 1869, na aliitengeneza kwa ajili hasa ya Meza ya Bwana, kwa kuwa alikuwa Mmethodisti asiyetaka pombe kanisani.

Kuna neno moja, *tiroshi*, ambalo mara nyingine humaanisha maji ya zabibu yaliyotoka kukamuliwa, hata yaliyo bado ndani ya kichala (Isaya 65:8). Hata hilo, Hosea 4:11 inalitaja miongoni mwa vitu vinavyoondoa fahamu za mtu.

4. Basi ulikuwa mkali kama wa leo?

Ulivyotoka mtungini ulikaribiana na mvinyo wa leo, kwa sababu hamira ya asili hufa kilevi kikishazidi kiwango fulani. Ila ulivyofika mezani nyakati za Yesu kwa kawaida ulikuwa umechanganywa na maji. Wayunani na Warumi walimwona anayekunywa mvinyo mtupu kuwa mtu asiyestaarabika. Justino Shahidi, akieleza ibada ya Wakristo katikati ya karne ya 2, anataja kikombe cha mvinyo na maji.

Zamani zaidi haikuwa hivyo. Isaya 1:22 inasikitika kwamba divai ya Yerusalemu imechanganywa na maji, kama tunavyolalamika leo kwamba maziwa yametiwa maji.

5. Bia imetajwa? Na konyagi, na gongo?

Bia ya shayiri ilinywewa Misri na Babeli karne nyingi kabla ya Musa, na neno *shekari* linaweza kuijumuisha. Kwa hiyo anayesema "Biblia imekataza ulevi wa mvinyo, mimi nakunywa bia" hana pa kushika. Mbege, ulanzi, wanzuki, rubisi, busaa, tembo la mnazi, vyote vinaingia kwenye neno kileo.

Pombe kali za kukeneka hazikuwapo. Mvinyo una kilevi cha asilimia 11 hadi 14 hivi, bia 4 au 5, pombe kali 35 hadi 40 na zaidi. Anayetumia "mvinyo kidogo" wa Timotheo kuhalalisha glasi ya pombe kali anazungumzia kinywaji ambacho Paulo hakukijua. Na gongo au chang'aa ya kichochoroni ina hatari ya pili: ikichanganywa na methanoli inapofusha na kuua, na mnywaji hawezi kuitambua kwa ladha wala harufu.

## Yesu na mitume

6. Yesu mwenyewe alikunywa?

Ndiyo, na alisema mwenyewe. Katika Luka 7:33–34 anajilinganisha na Yohana Mbatizaji, ambaye hakula mkate wala hakunywa divai, wakasema ana pepo. Mwana wa Adamu akaja akila na kunywa, wakasema ni mlafi na mlevi. Tuhuma ya ulevi ilikuwa uongo. Kunywa hakukukanusha.

Angalia kwamba Yesu hakumfanya Yohana aonekane mkali kupita kiasi, wala hakutaka wote wawe kama Yohana. Wote wawili walitumwa na Mungu.

7. Muujiza wa Kana si ruhusa ya kunywa mpaka tushibe?

Hili ndilo swali ambalo kikapuni huandikwa kwa furaha kuliko yote. Yohana anasema mabalasi yalikuwa sita, kila moja kadiri ya nzio mbili tatu. Nzio moja ni kama lita 39, kwa hiyo ni lita 470 hadi 700. Ni nyingi kweli. Lakini harusi za wakati ule ziliendelea siku saba (tazama Waamuzi 14:12), na aliyekuwa akinywa ni kijiji na wageni wake.

Mkuu wa meza anasema kwamba watu "wakiisha kunywa sana" ndipo huletwa iliyo dhaifu. Kitenzi cha Kiyunani hapo ni kile kile cha Waefeso 5:18, cha kulewa. Alikuwa anataja desturi ya watu, ya kuwaletea wageni kinywaji hafifu wakiwa hawajui tena tofauti. Divai ya Yesu ililetwa ikiwa njema kuliko zote, na kuna aliyekuwa na akili timamu ya kuitambua.

Nasema kwa uchungu: sisi ambao makanisa yetu yanaruhusu kunywa tumeishikilia Kana kwa mikono miwili na kumwacha Habakuki aseme peke yake, "Ole wake yeye ampaye jirani yake kileo" (2:15). Aya hiyo sijawahi kuisikia ikisomwa kwenye harusi.

8. "Tumia mvinyo kidogo, kwa ajili ya tumbo lako." Je, si agizo?

Ni ushauri wa mzee kwa kijana wake mgonjwa. 1 Timotheo 5:23 inasema wazi: "kwa ajili ya tumbo lako, na magonjwa yanayokupata mara kwa mara." Inaonekana Timotheo alikuwa ameacha kabisa, akinywa maji tu, na maji ya miji ile hayakuwa salama sikuzote. Mvinyo ulikuwa dawa pia. Msamaria mwema alitia mafuta na divai kwenye majeraha (Luka 10:34).

Leo tumboni kukiuma kuna zahanati. Na kuhusu afya kwa jumla, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama, kwa sababu pombe inasababisha saratani kuanzia viwango vya chini. Paulo hakuwa akiandika kitabu cha tiba, na sioni haja ya kumfanya daktari wa baa.

## Ulevi

9. Kulewa kunaanzia chupa ya ngapi?

Biblia haihesabu chupa, inaangalia mtu. Mithali 23:29–35 inamchora kama vile mwandishi alikaa kona ya kilabu akimtazama: macho mekundu, majeraha yasiyo na sababu, maneno yaliyopotoka, anahisi amelala juu ya mlingoti wa merikebu. Amepigwa na hakuumia. Na kitu cha mwisho anachosema ni kwamba akiamka ataitafuta tena. Mstari huo wa mwisho ndio unaonitisha, kwa sababu umeandikwa zamani hizo na niliusikia kwa masikio yangu nyumbani kwetu.

Dalili nyingine ni za mapema zaidi. Wafalme wanaonywa wasije wakanywa wakaisahau sheria na kupotosha hukumu ya mnyonge (Mithali 31:5). Makuhani katika Isaya 28:7 wanakosea katika maono. Hosea anasema fahamu inaondoka. Kwa hiyo ulevi hauanzii mtaroni. Umeanza pale unapomjibu mke wako neno ambalo usingelisema saa sita mchana, pale unaposaini, unapoahidi, unapowasha pikipiki. Chupa moja ya bia ya mililita 500 ina takriban gramu 20 za kilevi, na ini linahitaji saa mbili au zaidi kuiondoa. Kahawa, supu na maji baridi usoni havimharakishi mtu.

10. Mithali 31:6 inasema "mpe kileo yeye aliye tayari kupotea". Msibani tunaitumia.

Isome kuanzia mstari wa 4. Mama wa mfalme Lemueli anamwonya mwanawe: pombe si ya wewe unayeamua mambo ya watu. Kisha anamwambia, ikiwa lazima iende mahali, iende kwa anayekufa. Mapokeo ya Kiyahudi katika Talmudi yanaiunganisha aya hii na desturi ya kumpa mtu anayepelekwa kuuawa mvinyo uliotiwa kitu cha kupunguza maumivu. Ndio mvinyo wenye manemane aliopewa Yesu Golgotha, naye asiupokee (Marko 15:23).

Kwa hiyo ni dawa ya ganzi. Kumpa mjane aliyetoka kuzika bilauri ya kumsahaulisha, na wiki ijayo nyingine, si kuitii aya hiyo.

11. Mlevi hataurithi ufalme wa Mungu. Basi baba yangu amepotea?

1 Wakorintho 6:10 inawataja walevi pamoja na wezi, wachoyo na watukanaji. Ni kali, nami siipunguzi. Lakini usikomee hapo, mstari wa 11 unaendelea: "Na baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii, lakini mlioshwa." Katika kanisa la Korintho walikaa watu waliokuwa walevi. Tena wengine walikuwa bado wanalewa, hata kwenye Meza ya Bwana (11:21), na Paulo aliwakemea bila kukana kwamba ni ndugu.

Hukumu ya baba yako si yangu. Kama yu hai, soma swali la 22. Kama amefariki, mwache mikononi mwa Mungu anayejua ni lini hasa chupa ilianza kumtawala.

## Kuacha kabisa

12. Kuna watu wa Biblia waliokataa pombe moja kwa moja?

Wapo, na Biblia inawaheshimu. Mnadhiri, katika Hesabu 6, hakugusa divai, kileo, wala hata zabibu kavu, kwa muda wa nadhiri yake. Mama yake Samsoni aliambiwa ajizuie akiwa mjamzito. Yohana Mbatizaji aliishi hivyo maisha yote. Makuhani walikatazwa wakati wa kuingia hemani kuhudumu (Walawi 10:9). Danieli alikataa divai ya mfalme.

Ninaowapenda zaidi ni Warekabi wa Yeremia 35. Nabii aliwawekea mabakuli yaliyojaa divai ndani ya nyumba ya Bwana, akawaambia wanywe, wakakataa kwa sababu babu yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe. Mungu akawasifu mbele ya Yerusalemu nzima kwa uaminifu wao kwa agizo la mzee wao. Na hakuwaamuru watu wengine wote waishi kama wao. Amosi 2:12, kwa upande mwingine, inawalaani waliowanywesha Wanadhiri divai. Anayemcheka mwenzake kwa kuagiza soda aisome.

13. Mbona makanisa mengine yanakataza kabisa, na mengine yanaruhusu?

Wasabato, Wapentekoste wengi na Jeshi la Wokovu wanakataza. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana wengi wanaruhusu kwa kiasi. Wakatoliki wanacho pia kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho sura yake ya 31 inausifu mvinyo unywewao kwa kiasi na kuulaani unywewao kupita kiasi.

Historia nayo ina mkono wake. Wamisionari wengi waliofika Afrika Mashariki walitoka kwenye vuguvugu la kupinga pombe la Ulaya na Marekani, lile lililofikia Marekani kupiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933. Kisha Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, na "ndugu" waliookoka walijulikana kwa kuungama hadharani na kuvunja vyungu vya pombe. Walikuwa wameona nyumba zikibomoka. Naheshimu katazo lao kama nadhiri ya jamii, mfano wa Warekabi. Kinachonisumbua ni kuliita amri ya Mungu kwa watu wote.

14. Kama si dhambi, kwa nini wewe hunywi?

Kwa sababu ya Warumi 14:21, na kwa sababu ya kaka yangu.

Mama alipika mbege ili tusome. Alichemsha ndizi mbivu, akazilaza siku kadhaa, akazichuja kwa mikono hadi povu la rangi ya udongo likamfika viwikoni, akachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na msesewa wa kutia uchungu. Kata ya kwanza alipewa kaka aonje. Wengi tulionja na hatukudhurika. Yeye alidhurika. Miaka ya mwisho alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai ilimmwagikia kifuani. Tulimzika akiwa na miaka 41.

Alipokuwa akijaribu kuacha, alikuja kwangu jioni moja akanikuta na bia mezani. Nilikuwa na haki ya kuinywa. Hakusema kitu, alikaa, akaitazama, akaondoka, na usiku ule hakurudi kwake. Paulo anaandika: "Ni vyema kutokula nyama wala kunywa divai wala kutenda neno lo lote ambalo kwalo ndugu yako hukwazwa." Nilikuwa naijua aya hiyo kwa moyo.

15. "Kumkwaza ndugu" maana yake ni kila mtu asiyependa nikinywa?

Hapana. Kukwazwa si kuchukizwa. Aliyekwazwa ni yule ambaye kitendo chako kinamvuta arudi kwenye shimo alilotoka, au kinamfanya atende kinyume cha dhamiri yake. Mzee mkali anayekununia hajakwazwa kwa maana hiyo, ingawa heshima bado ni yake. Paulo anawaonya wote wawili: alaye asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu alaye (14:3).

Ukiwa na jirani Mwislamu aliyekuja kula nawe Krismasi, huhitaji aya. Ondoa chupa mezani.

16. Mchungaji au mzee wa kanisa aruhusiwe?

Askofu awe "si mtu wa kuzoelea ulevi" (1 Timotheo 3:3), mashemasi wasiwe watu wa kutumia mvinyo sana (3:8). Katazo kamili halipo. Ila mchungaji huitwa saa nane usiku kwa mgonjwa, na sheria ya makuhani ya Walawi 10 inanitosha kusema: anayehudumu leo asinywe leo.

## Maisha yetu

17. Kamati ya harusi imepanga kreti za bia. Na kwenye mahari wazee wanadai pombe yao.

Kuandaa kinywaji si kosa (swali la 7), kuandaa ulevi ni kosa. Tofauti unaiona kwenye bajeti. Kama bia imekula fedha nyingi kuliko chakula, na maji ya kunywa yamesahaulika, kamati imeshaamua wageni warudije nyumbani. Anza na chakula, funga kaunta mapema, weka gari la kuwarudisha watu.

Kuhusu mahari: pombe ya wazee kwa Wachagga na makabila mengi ni lugha ya heshima, na kikao hakianzi bila hiyo. Familia nyingi sasa hukubali ithaminiwe kwa fedha au sukari na kreti za soda, ikiwa mshenga ataliomba mapema kwa adabu. Usiwaambie wakwe siku ya tukio kwamba mila yao ni ya shetani. Mwambie mshenga wiki mbili kabla.

18. Pombe ya kumwagia mababu je?

Hapa swali si pombe. Ni ibada. Paulo anasema hamwezi kunywea kikombe cha Bwana na kikombe cha mashetani (1 Wakorintho 10:21), na ingekuwa hivyo hivyo hata kama kinachomwagwa ni maziwa. Kaa na wazee wako, wasalimu, wahudumie, na usishike kibuyu.

19. Napika pombe kusomesha watoto. Natenda dhambi?

Dada yangu, nimesomeshwa na kazi hiyo, siwezi kukurushia jiwe. Kinywaji chenyewe si haramu. Lakini Habakuki 2:15 inamgusa anayeuza kuliko anayekunywa. Jiulize mambo ambayo mama yangu alijiuliza akiwa amechelewa: je, unamuuzia aliyekwisha kulewa? Unamuuzia kwa mkopo baba ambaye unajua watoto wake hawajala? Unamuuzia mtoto aliyetumwa? Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku Tanzania kuanzia 1 Machi 2017, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba mwanafunzi aliweza kukificha mfukoni.

Gongo sikushauri hata kidogo (swali la 5). Na ukitaka kuacha kazi hii, uambie kikundi chako cha kina mama waziwazi kwamba unahitaji mtaji wa kitu kingine. Kanisa linalokutenga kwa kupika pombe bila kukusaidia kupata kazi nyingine limetenda nusu.

20. Nimeacha pombe. Mvinyo wa Meza ya Bwana utanirudisha?

Unaweza. Funda moja la mvinyo si kitu kwa wengine. Kwako linaweza kuwa mlango, na hakuna aibu kusema. Kwa Wakatoliki, anayepokea mkate peke yake amempokea Kristo mzima, na padri mwenye tatizo hili anaweza kupewa kibali cha kutumia mustumu, maji ya zabibu yasiyochachishwa kikamilifu. Wamethodisti na Wapentekoste wengi hutumia juisi. Kwetu, mwone mchungaji kabla ya ibada, atakuandalia. Injili zenyewe, pale Yesu anapozungumzia kikombe, zinasema "uzao wa mzabibu" (Mathayo 26:29), na juisi ni uzao wa mzabibu.

21. Mume wangu akilewa ananipiga. Nimeambiwa nivumilie na kuomba.

Omba ukiwa mahali salama. Abigaili, mke wa Nabali mlevi, hakukaa akisubiri nyumba yake iangamie. Alitenda haraka, na hata alipotaka kuzungumza na mumewe alingoja asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka (1 Samweli 25:36–37). Usibishane na mlevi usiku. Chukua watoto, nenda kwa mtu unayemwamini, kisha dawati la jinsia na watoto lililoko kituo cha polisi. Ulevi haumwondolei mtu kosa, na anayekushauri ubaki upigwe hajapewa mamlaka hayo na Maandiko.

22. Nimeamua kuacha leo leo. Nifanyeje?

Kama unakunywa kila siku kwa wingi, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo, usiache ghafla ukiwa peke yako chumbani. Ndani ya siku mbili tatu mwili unaweza kupata degedege, kuona vitu visivyopo, hata kufa. Nenda hospitali, sema ukweli kuhusu kiasi unachokunywa. Kuna dawa za kukuvusha, na watakupa vitamini B1. Tulimfungia kaka chumbani tukimwombea kwa nia njema kabisa, bila kujua haya. Usiku wa pili alipata degedege mikononi mwetu.

Baada ya hapo tafuta watu. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, vinakutana katika miji mikubwa ya kwetu pia, na ziko nyumba za upataji nafuu zinazoitwa soba hausi. Ukianguka, rudi. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena.

23. Bia isiyo na kilevi, dawa ya kikohozi, chakula kilichopikwa kwa mvinyo?

Kwa mtu wa kawaida, hakuna tatizo la Kimaandiko. Togwa nayo inywe. Kwa aliyeacha, bia isiyo na kilevi ina harufu, chupa na kaunta ile ile, na baadhi ina kilevi kidogo. Mwachie aamue mwenyewe, usimlazimishe ili akupe kampani. Dawa za maji nyingi hutengenezwa bila kilevi. Mwulize mfamasia, atakutafutia.